Muvi za zamani bado zina watu, shida ni kopi tunazopewa

Kuna kauli utaisikia kuanzia saluni za kiume Mwanjelwa hapa Mbeya mpaka vijiwe vya kahawa Miyomboni kule Iringa, kwamba vijana wa siku hizi hawana habari na muvi za zamani, wao ni sizoni za Kikorea na vile vivideo vya sekunde thelathini basi, ukiwawekea filamu ya mwaka 1970 na kitu wanatoka mmoja mmoja wanasingizia wanaenda kuchaji simu. Wazee wanaisema kwa kusikitika, vijana wenyewe wanaikubali huku wanacheka, na muuza TV naye anaidakia hapohapo anakwambia ndo maana unatakiwa uchukue inchi 55. Mimi siikubali hivihivi. Hili swali la kama watu bado wanapenda filamu za zamani na bado wanajali kuangalia kitu cha ubora nyumbani lina mambo kadhaa yaliyogandana, kuna muvi yenyewe, kuna kopi iliyokufikia, kuna TV na spika zako na jinsi ulivyozisetia, na kuna muda na hela za mtu, na karibu kila ubishi ninaousikia mtu amekerwa na kimoja halafu lawama anaitupia kingine.

Hata hiyo "zamani" yenyewe hatuongelei kitu kimoja. Mmarekani mpenda sinema ukimwambia akutajie filamu kubwa za zamani atakupa orodha ambayo mtu wa Uyole hajawahi kusikia hata jina moja, na mtu wa Uyole naye atakutajia Bruce Lee, Commando ya 1985 ya Schwarzenegger, Rambo, na kama umri umesogea atakutajia picha za Kihindi za enzi za Raj Kapoor na anaweza kukuimbia wimbo mzima wakati Kihindi hajui hata salamu. Wote wawili wako sahihi, kila mtu alipenda kilichomfikia. Miji yetu mingi ilikuwa na majumba ya sinema, mengi yakiendeshwa na Watanzania wenye asili ya Asia, kwa hiyo picha za Kihindi zilikuwa zinapatikana muda wote, halafu miaka ya 1980 zikaingia deki za VHS, na televisheni huku bara haikuwepo kabisa mpaka 1994, sasa mtu wa Tukuyu au Mafinga aliyetaka kuona picha alikuwa anaenda penye deki na jenereta, analipa, anabanana kwenye benchi, anaangalia kanda iliyopo. Wiki ijayo iliyopo ni ileile. Watu wakaishika mpaka wanamtangulia stelingi kusema.

Na msidhani ni sisi tu tuliokuwa hivyo. Marekani kuna filamu ya mwaka 1946 inaitwa It's a Wonderful Life, ilipotoka haikurudisha hata gharama zake, ikapita. Mwaka 1974 hakimiliki yake ikaisha kwa sababu wahusika hawakuihuisha, vituo vya TV vikastuka kwamba kumbe tunaweza kuirusha bila kulipia picha yenyewe, vikawa vinaipiga kila Krismasi, mwaka baada ya mwaka, kituo hiki na kile, na watoto waliokua nayo sebuleni ndo wakaja kuifanya filamu ya sikukuu ya taifa zima. Yani makaratasi yamesahaulika kabatini ndo ikapata uzima. Kwa hiyo mtu akiniambia filamu kubwa ni ile nzuri tu basi, namuuliza, hizo nzuri ambazo hazikupatikana ziko wapi? Nani anazijua? Muvi ili izeeke na heshima lazima ipatikane, tena ipatikane mara nyingi, tena kwa watu wa kawaida.

Huku kwetu hiyo kazi ya kuzirudisha muvi kwa watu waliifanya zaidi watafsiri. Lufufu alikuwa na jina Dar na kanda zake zikatambaa nchi nzima, hata Titanic ya 1997 aliitafsiri, na baada yake wakaja madijei kibao mpaka leo. Wapenda ubora wanawachukia hawa watu, wanasema wanafunika sauti, wanaongeza chumvi, stelingi kanyamaza kimya anatafakari yeye dijei anaongea tu, na ni kweli kabisa, wanafanya hivyo. Ila ni haohao waliomkalisha bibi wa Ileje asiyejua Kiingereza saa tatu na robo anaangalia meli inazama na machozi yanamtoka. Mimi nikiwekewa kopi mbili, ya dijei na ya sauti yenyewe, nachukua ya sauti yenyewe, lakini simcheki anayechukua ile nyingine.

Anayedai watu wamepoteza uvumilivu namshauri apande basi la Dar kuja Mbeya. Kilomita mia nane na kitu, kutwa nzima, na kwenye TV ya mbele wanaweka Bongo Movie za enzi za Kanumba, jamaa ambaye ametutoka tangu Aprili 2012, na basi likifika Kitonga linapanda taratibu nyuma ya malori ya Zambia utaona shingo zote juu, mwanachuo ameshachomoa waya wa sikio moja, na ukifika Ipogolo abiria wa Iringa anashuka na begi lake huku anageuka nyuma aone kama yule mke mwenza ameumbuka au bado. Muvi ina miaka kumi na tano. Hakuna aliyelalamika kwamba ni ya zamani, wanalalamika spika ya viti vya nyuma imekufa.

Sasa tuje kwenye kopi, na hapa nitakaa kidogo maana ndo penyewe.

Ile DVD ya "ishirini kwa moja" iliyokuwa inauzwa kila stendi, chukua hesabu yake. DVD ya kawaida ya tabaka moja inabeba GB 4.7, na hiyo ilikusudiwa filamu moja ya kama saa mbili ikae vizuri. Ukizipakia ishirini kila moja inapata MB 235 tu. Diski ya Blu-ray, ambayo ilikuja sokoni 2006, inabeba GB 25 au 50 na mara nyingi ni filamu moja tu imelala humo, kwa hiyo filamu ileile unaweza kuwa nayo kwa ukubwa unaozidiana zaidi ya mara mia, jina moja, kava moja, sura ya stelingi ileile kwenye kava. Hizo data zilizopungua hazikupungua hewani. Programu inayobana muvi inatafuta kitu ambacho jicho halitakistukia haraka, inaanza kutupa vitu vidogovidogo, nywele, majani, mikunjo ya nguo, mvua, halafu ikilazimishwa kubana zaidi inatupa kwenye giza, ndo maana kwenye kopi hizo tukio lolote la usiku ni viboksi vyeusi vinasogea na hujui nani kamchoma nani kisu. Na filamu za zamani ndo zinaumia kuliko zote kwa sababu zina zile chembechembe za filamu zinazotikisika muda wote, programu inaziona ni vitu vipya kila fremu, yani kila picha mojamoja inayounda muvi, inachanganyikiwa, inapaka tope kila mahali.

DVD zimepungua sasa hivi ni flashi, lakini mchezo ni uleule. Kijana mmoja anayerushia watu muvi jirani na Kabwe nilimuuliza kwa nini kila kitu chake ni MB 300, akanifungulia mafolda kwenye kompyuta, kumbe filamu nyingi anazo mara mbili, ya MB 300 na kitu na ya GB 2 na kitu.

"Kaka, hii kubwa naitoa nikiombwa," akasema. "Mteja anakuja na flashi ya 8, anataka muvi ishirini. Nikimpa tatu anaenda kwa jirani."

"Na wakiona kwenye TV kubwa hawarudi kulalamika?"

"Wanarudi wanasema muvi mbaya. Hawasemi kopi mbaya."

Hilo jibu la mwisho naona linamaliza nusu ya mjadala. (Na tusijifiche, sehemu kubwa ya biashara hii haina ruhusa ya wenye kazi, na hakuna mwenye kazi ambaye angekubali kazi yake ibanwe mpaka hapo.)

Kuna jambo lingine linawachanganya watu wengi hata wenye uelewa. Kwa nini filamu ya Kijapani ya mwaka 1954, Seven Samurai, unaweza kuiona leo kwa 4K, ule ubora mkali wa TV za kisasa, mvua inanyesha unaona tone kwa tone, wakati Bongo Movie ya 2005, miaka hamsini baadaye, ina ukungu mwanzo mwisho? Jibu la haraka la kijiweni ni kwamba wenzetu wana vifaa. Hapana, kwa upande huu kifaa cha zamani ndo kilikuwa bora. Filamu za enzi zile zilipigwa kwenye utepe wenyewe wa milimita 35, picha inashikwa na chembe za madini ya fedha zinazobadilika zikiguswa na mwanga, humo hamna pikseli, vile vidoti vinavyounda picha ya kidijitali, na undani uliomo kwenye negativu nzuri, yani utepe wa mwanzo uliotoka kwenye kamera, ni mwingi kuliko mashine za zamani zilivyoweza kuusoma. Kwa hiyo skana zikiboreka mtu anarudi kwenye negativu, au kopi ya karibu zaidi iliyobaki, anaisoma upya na anapata vitu ambavyo hata waliokuwa na VHS yake miaka ya 80 hawakuwahi kuviona.

Kamera za video walizotumia watu wetu miaka ya 2000 ni habari nyingine. Mkanda wa DV, zile kanda ndogo za kamera za kidijitali, kwa mfumo wa PAL, ule wa TV za huku kwetu, unaandika pikseli 720 kwa 576, ukizidisha ni kama laki nne na elfu kumi na nne, wakati 4K ni zaidi ya milioni nane, mara ishirini. Kilichoandikwa ni hicho na hakuna kilichobaki nyuma kinachosubiri skana nzuri. Hizi programu za akili mnemba zinazojinadi zinaipandisha muvi yako ya zamani mpaka 4K zinabuni tu, zinachora ngozi na nywele zinazodhani zilikuwepo. Na hapo naongelea mkanda wa mwanzo kabisa, wewe dukani uliuziwa VCD, ambayo ni 352 kwa 288, yani robo ya hiyo laki nne, tena diski mbili kwa sababu moja inaishia dakika 74, halafu hiyo VCD mtu akaibana, mwenzake akaibana tena kuiweka mtandaoni, wa tatu akaishusha akairekodi na simu akaipandisha tena, ni fotokopi ya fotokopi ya cheti cha kuzaliwa, jina linasomeka kwa kubahatisha. Halafu mtoto wa 2008 anaiona hiyo anasema Bongo Movie za zamani zilikuwa ovyo. Baadhi zilikuwa ovyo kweli, sikatai, kuna zile sehemu ya kwanza na ya pili ambazo dakika ishirini mtu anafungua geti na gari linaingia. Lakini huwezi kulijua hilo kwa kopi ya aina hiyo.

Tuseme umepata kopi nzuri. Bado kuna TV.

TV zote za sasa ni umbo la 16 kwa 9. Filamu nyingi za kabla ya katikati ya miaka ya 1950 na karibu kila kitu kilichopigwa kwa ajili ya TV za chogo ni karibu na 4 kwa 3, kinakaa katikati na kinaacha nafasi nyeusi kushoto na kulia. Watu wetu hawazipendi hizo nafasi, mtu anaona ameibiwa kioo alichokilipia, anashika rimoti anavuta mpaka picha ijae, na hapo kila aliyemo kwenye filamu ananenepa kwa theluthi moja na gurudumu la baiskeli linakuwa na umbo la yai. Kinyume chake ni zile filamu pana zenye weusi juu na chini, mtu anabonyeza zumu ili ijae, karibu robo ya picha inakatwa pembeni, wawili wanaongea unamuona mmoja na pua ya mwenzake. Mwongozaji aliwapanga hao watu pale kwa makusudi. Ziache hizo nafasi nyeusi zilivyo, hazijakuibia kitu.

Cha pili ni ile setingi inayoitwa Vivid au Dynamic, TV nyingi zinatoka nayo dukani kwa sababu duka lina mwanga mkali na kila TV inataka kuonekana kuliko ya jirani yake. Nyumbani usiku inakupa watu wa rangi ya chungwa. Nenda kwenye setingi za picha tafuta Movie au Cinema, mwanzo utaona imefifia kidogo, vumilia siku mbili tatu, jicho litazoea na hutarudi. Kwenye TV za bei kuna hii nyingine ya kulainisha mwendo, Sony wanaiita Motionflow, LG wanaiita TruMotion, filamu inapigwa fremu 24 kwa sekunde na TV inabuni fremu za kati inazichomeka, matokeo yake filamu ya mamilioni ya dola inatembea utadhani taarifa ya habari. Desemba 2018 Tom Cruise alitoa video mahsusi akiwaomba watu wazime hicho kitu, na mwaka 2019 kampuni za TV zenyewe zikatangaza hali inaitwa Filmmaker Mode ambayo kazi yake ni kuzima hayo makorokoro yote kwa pamoja. Kama TV yako inayo iwashe. Kwa mpira wa Simba na Yanga unaweza kurudisha ulainishaji wako, hapo hakuna ugomvi.

Halafu sauti, na hapa ndo naona watu wanakosea wanaposema Mtanzania hajali ubora. Anajali sana! Pita mtaa wowote Soweto ya hapa Mbeya au Mashine Tatu ya Iringa jioni utasikia sabufa inavyotikisa madirisha, kuna nyumba ya vyumba viwili sabufa ni kubwa kuliko kabati la vyombo. Mtu ameweka hela yake pale kwa kupenda. Tatizo sabufa nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya muziki na besi, na filamu za sasa sauti yake inagawanywa kwenye njia sita, ndo ile inaandikwa 5.1, maongezi mengi yanakaa kwenye njia ya spika ya katikati, sasa wewe una spika mbili na sabufa, huna hiyo ya katikati, kama deki au TV haijasetiwa kuzichanganya hizo njia kuwa mbili unasikia milipuko na muziki halafu watu wananong'ona. Mnaongeza sauti wasikike, bomu linalipuka, mtoto anaamka. Ingia kwenye setingi za sauti chagua stereo au PCM badala ya 5.1, nyumba nyingi tatizo linaishia hapo. Na angalia hii, filamu nyingi za kabla ya miaka ya 1970 zilitoka na sauti ya njia moja tu, maongezi yapo mbele na yako wazi, kwa hiyo kwenye spika ya kawaida filamu ya zamani unaweza kuielewa vizuri kuliko ya mwaka jana. Punguza tu besi.

Haya nimeyajaribu kwa mpwa wangu, yuko kidato cha sita, alikuja likizo ya Juni na si mnajua Juni ya Mbeya ilivyo, saa moja jioni kila mtu ameshajifunika, hakuna anayetoka. Nikaweka 12 Angry Men ya mwaka 1957, kopi nzuri, setingi zimetulia. Wanaume kumi na wawili chumbani wanabishana kama kijana aliyeshtakiwa kwa mauaji ana hatia, dakika 96, karibu yote ndani ya hicho chumba kimoja.

"Mjomba, hii haina rangi?"

"Haina. Kaa."

"Mpaka mwisho?"

Dakika kumi za kwanza simu ilikuwa mkononi. Kufika katikati ameiweka kifudifudi kwenye kochi na ananiuliza yule mzee mkorofi naye atageuka au hageuki, nikamwambia angalia. Ilipoisha hakusema muvi kali wala nini, aliuliza kama kuna nyingine za "wale wa zamani". Mfano mmoja haumalizi ubishi, najua, na dogo angekuwa na wenzake watano sebuleni labda tungeishia dakika ya nne. Ila angepewa ile ya MB 235 iliyovutwa mpaka watu wamekuwa wanene nina uhakika tungeishia ya pili.

Kuna mabadiliko ya kweli pia, nisijifanye hayapo. Filamu za Hollywood za miaka ya 1930 shoti moja kwa wastani ilikuwa inakaa kama sekunde kumi na mbili kabla haijakatwa, siku hizi ni chini ya tano, kwa hiyo aliyekulia kwenye kasi hii akikaa na filamu ya zamani anaona imesimama hata kama imetulia tu. Vibanda umiza navyo vimehama, kutoka muvi kwenda mpira wa Ulaya na ligi yetu, ule mkusanyiko wa kuangalia picha na kupiga kelele pamoja umebaki kwa bahati. Na muda wa mtu umekatwakatwa, anaangalia robo saa akisubiri mteja, robo nyingine kitandani, na sizoni imetengenezwa kwa ajili ya maisha ya namna hiyo kuliko filamu ya saa tatu.

Na hela. Netflix wenyewe wanasema HD inakula mpaka GB 3 kwa saa, 4K mpaka GB 7, kwa hiyo filamu ya saa mbili kwa ubora wa kueleweka ni GB 6 za bando, sasa mwanachuo wa RUCU au MUST mwenye bando la wiki unamwambia ajali ubora, ajali na nini? Anaangalia kwenye simu kwa ubora wa chini na kwenye kioo cha inchi sita kopi mbovu haionekani sana ubovu wake. Hilo ni bajeti linaongea, ladha bado haijapata nafasi ya kusema. Hata huko kwa wenye intaneti ya uhakika mambo si mteremko, Netflix waliacha kutuma DVD kwa posta tarehe 29 Septemba 2023, watu wengi wamebaki na huduma za mtandaoni ambazo filamu leo ipo kesho mkataba umeisha haipo, na za kabla ya 1970 unazihesabu, ndo maana kuna kundi la wapenzi huko bado wananunua diski kwa bei kubwa na kujaza makabati. Hao ni wachache lakini hawajachanganyikiwa, diski iliyoko kabatini hakuna anayeiondoa usiku wa manane.

Sasa ukiunganisha hayo, kinachonitia wasiwasi mimi si kama watoto wa Mbeya wataangalia filamu za Wamarekani za miaka ya 50. Hizo zina watu wake, zina maghala yenye ubaridi, zina hela ya kuzisafisha. Wasiwasi wangu ni zetu. Kampuni ya filamu ya taifa, TFC, ilianzishwa 1968, ikatoa kina Fimbo ya Mnyonge, baadaye 1985 ikatoka Arusi ya Mariamu, hebu jiulize umewahi kuziona wapi. Girlfriend ya 2003, ambayo wengi wanaitaja kama mlango wa Bongo Movie, na mamia yaliyofuata, mikanda yake ya mwanzo iko kwa nani? Msambazaji amefunga duka, mtayarishaji amehama, hadi diski ya kompyuta imekufa. Huko Marekani penyewe, Maktaba ya Bunge lao ilitoa ripoti 2013 kwamba asilimia 70 ya filamu ndefu zisizo na sauti walizotengeneza zimepotea kabisa, na hizo zilikuwa na studio zenye majengo.

Ila kopi zina tabia ya kujificha mbali. Filamu ya Kijerumani ya 1927, Metropolis, ilikatwa sehemu kubwa mwanzoni kabisa na watu wakakubali kwamba haitapatikana tena, mwaka 2008 vipande vingi vikaonekana Buenos Aires, Argentina, kwenye jumba la makumbusho ya filamu, ng'ambo ya bahari kutoka ilikotengenezwa. Kwa hiyo kama Bongo Movie fulani ya 2004 itabaki na kopi moja nzuri, haitashangaza ikiwa kwenye droo ya aliyekuwa na maktaba ya kanda Makambako au Tunduma kuliko ofisini kwa mtu Kariakoo. Huku ubaridi wetu unasaidia, mkanda haupendi joto, kinachoua ni unyevu wa masika, kuanzia Novemba mpaka Aprili ukungu unaota ndani kabisa ya kanda. Ukiwa na za kwako au za mzee wako zichungulie kwenye kile kidirisha cha plastiki, ukiona unga mweupe kwenye ukingo wa mkanda usiutie kwenye deki hata kwa kujaribu, utachafua kichwa cha deki na kila kanda itakayofuata itapakwa, na deki mpya za VHS hakuna tena, kampuni ya mwisho iliyokuwa inazitengeneza, Funai ya Japani, iliacha 2016. Iweke mahali pakavu, isimame wima, tafuta fundi anayejua kuzisafisha. Zile safi zihamishie kwenye kompyuta mapema, faili liwe sehemu mbili tofauti. Mkanda wa DV saa moja ni kama GB 13, ni nyingi, ndiyo, na fundi atakwambia anaweza kukubania mpaka MB 300 iingie kwenye flashi. Mwambie aache.